Mwalimu Oloo na Kware wa Kando ya Bwawa

Mwalimu Oloo hakuwa mwalimu wa cheti. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu siku hizi watu wa Kibera wakimtaja wanampa vyeo ambavyo yeye mwenyewe angevikataa. Alikuwa mchuna ngozi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu alipoingia Nairobi mwaka wa sitini na nne, na ndiyo aliyoijua kuliko zote.

Alizaliwa Uyoma, kando ya ziwa. Alipofika mjini akaajiriwa na kampuni moja ya wawindaji wa kizungu. Wageni walipiga risasi, yeye akachuna, akatia chumvi, akaanika. Pundamilia, nyati, chui, swara wa kila aina, miaka kumi na mitatu. Alimjua mnyama kuanzia ndani kuja nje. Aliweza kufungua tumbo la swara akakwambia alikula majani gani na akayala upande gani wa mto. Halafu mwaka wa sabini na saba serikali ikapiga marufuku uwindaji, kampuni ikafunga, na Oloo akatoka na kisu chake na barua ya kumshukuru. Akawa mlinzi wa usiku huko Ngong Road, akilinda nyumba ya watu ambao hawakujua jina lake.

Chumba chake na chetu vilikuwa vimegawanywa na ukuta mmoja wa udongo, pale Mashimoni. Mimi ni Nanyama, mtu wa Kimilili, mke wa Wepukhulu aliyekuwa akibeba mawe na mchanga kwa mafundi wa mjengo. Nilikuwa na kibanda cha chakula karibu na pale pa kuchotea maji. Mke wa Oloo, Akeyo, alibaki Uyoma akilima, kwa hiyo Oloo alikula kwangu kila jioni kabla ya kwenda kulinda. Nilimtania kwamba Mjaluo anayekula maharagwe badala ya samaki siku sita kwa wiki amepotea njia. Naye alikuwa akiniambia kuku wa Kibera wakinisikia nikikohoa hupanda juu ya mabati, kwa jinsi sisi wa Kimilili tunavyopenda nyama yao. Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu. Hakuwa mtu wa kucheka, lakini utani alijibu, kama mtu anavyojibu salamu.

Ualimu ulimjia mwaka wa themanini na moja. Shule ya kanisa iliyokuwa karibu nasi, madarasa manne ya mabati, ilikuwa na mwalimu mkuu aliyeitwa Nduku, mama wa Kikamba mwenye sauti ya kwaya. Nduku alisikia kwamba jirani yangu alikuwa akishika wanyama. Akamwomba aje awaambie watoto habari za simba. Watoto walikaa sakafuni wakimngoja aungurume. Oloo akaingia na kifungu cha nyasi mkononi, akawauliza hizo ni nyasi za aina ngapi. Wakasema ni nyasi tu. Akazitenga moja moja mezani, zikawa aina saba.

"Simba mtamwona kwa kalenda," akawaambia. "Mimi nitawafunza nyumba. Ukijua nyumba ya mnyama, unamjua mwenyewe. Ukivunja nyumba, hata ukimpenda namna gani, ataenda."

Nekoye, binti yangu, alirudi siku hiyo akanihesabia zile nyasi saba kwa vidole. Alikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa nikikoroga uji na sikumsikiliza sana.

Basi wakaunda chama cha wanyama cha shule, watoto ishirini hivi, na kila Jumamosi asubuhi Oloo aliwachukua, macho mekundu kwa kukesha, akaenda nao kwenye nyasi. Kati ya reli na bwawa palikuwa na uwanja ambao haukuwa na nyumba kwa sababu ulilowa wakati wa mvua. Ulikuwa mkubwa kama viwanja vitatu vya mpira, labda zaidi. Watu walitupa takataka pembeni, mbuzi wa Wanubi, wakazi wa kwanza wa Kibera, walikula katikati, na mahali pengine nyasi zilifika kiunoni. Oloo akaugawa mara tatu kwa vigingi. Sehemu ya kwanza mbuzi wale. Sehemu ya pili ikatwe, watu wapeleke kuezekea vyoo na mabanda. Sehemu ya tatu isiguswe, wadudu wazaane na ndege watage. Mwaka ukiisha sehemu zinabadilishana. Alikwenda kwa wenye mbuzi mmoja mmoja akawaeleza, akiwa amevua kofia. Walikubali, nadhani kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwavulia kofia kwa ajili ya mbuzi.

Mimi niliona ni upuuzi. Nilisema hivyo na sikusema kwa siri. Watu hawana pa kulala, wewe unawapa panzi theluthi. Oloo alijibu kwamba panzi wanalipa kodi. Nikamuuliza kodi gani. Akasema nitaiona.

Mwaka wa themanini na nne mvua ndefu haikunyesha. Kila mtu aliyekuwa hai anakumbuka yale mahindi ya manjano ya kutoka ng'ambo, yenye harufu ya gunia, na foleni zake. Mwaka huo huo nilimzika mdogo wake Nekoye, mtoto wa miaka miwili, surua. Tulimpeleka Kimilili, tukarudi, nikafungua kibanda Jumatatu. Sitalieleza hilo zaidi. Nitasema tu kwamba tangu siku hiyo kitu fulani ndani yangu kilizima na sikukisikia kikizima. Nililia kwa sababu wanawake wenzangu walikuwa wakilia. Oloo alikuja akakaa nami mlangoni, hakusema pole zaidi ya mara moja, na nilimshukuru kwa hilo kuliko walioimba.

Januari ya themanini na tano ukaanza ule mtindo mpya wa masomo, wa miaka minane ya shule ya msingi, na wazazi tukaambiwa watoto sasa watajifunza kwa mikono. Nduku akasema shule yake imekuwa ikifanya hivyo tangu zamani, mwulizeni Oloo. Mwezi huo huo ikaja habari kwamba ule uwanja utagawanywa watu wajenge vyumba. Mkutano ukaitwa. Akaja Bwana Mutie, mtu mrefu aliyehusika na mambo ya viwanja, mwenye buti safi. Nimsifu kwa jambo moja, alisikiliza. Oloo alisimama na kofia yake mkononi akaomba nyasi zibaki, ziwe za kufundishia watoto wa shule zote za Kibera.

"Kufundishia nini?" Bwana Mutie akauliza. "Mzee, pale mimi naona nyasi na karatasi."

"Kuna kware," Oloo akasema. "Mvua ikirudi watakuja. Ukiwasikia mwenyewe utajua ni mahali."

Bwana Mutie akafikiri. Akasema atarudi mwezi wa sita, alfajiri, asikilize kwa masikio yake. Watoto waandike hesabu yao, waionyeshe. Ndege wakiwapo, atapendekeza uwanja uwe wa shule. Wasipokuwapo, watu wajenge. Waliotaka vyumba walipiga makofi na sisi wengine pia tukapiga, kwa kuwa kila mmoja alidhani ameshinda. Oloo alivaa kofia yake akaenda kulinda. Jioni iliyofuata aliniambia, huku akikoroga chai, kwamba tangu aje Nairobi hajawahi kuomba kitu kikubwa hivyo. 

Mvua ilirudi mwezi wa tatu, na kware wakaja nayo kama alivyosema. Kwa asiyemjua, kware ni ndege wa chini, mdogo kuliko ngumi, wa rangi ya majani makavu, anayekula panzi na mbegu. Humwoni. Unamsikia tu alfajiri akiita kutoka kwenye nyasi, sauti fupi fupi, na mwingine anamjibu.

Sasa, kule Uyoma wana namna yao ya kumwita. Wanafuga kware madume ndani ya vikapu vidogo vya kusuka, wanavitundika kwenye mlingoti mrefu, kimoja juu ya kingine, na kabla jua halijatoka wanausimamisha shambani. Wale wa vikapuni wanaita, wa porini wanakuja. Na chini ya mlingoti, katika vijia vilivyofyekwa kwenye nyasi, kumetegwa vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe. Hivyo ndivyo watu wa huko walivyopata kitoweo tangu babu zao. Oloo akamwandikia ndugu yake Okoth, naye Okoth akapanda basi na vikapu sita, kila kimoja na ndege wake, abiria wakimlaani njia nzima.

Hapa ndipo Oloo alipokosea, na hakuna mtu wa mahali pengine ambaye angeweza kukosea hivyo. Kwa kuhesabu, mlingoti peke yake ulitosha. Angewasimamisha wale watoto pembeni, wahesabu wanaojibu, waandike, waende nyumbani. Lakini kwao mlingoti hausimamishwi bila vitanzi. Mtoto wa Uyoma hafunzwi nusu ya jambo. Mikono yake ilikuwa imefunzwa yote kwa pamoja, na yote akawafunza watoto wetu: kusokota singa, kufyeka kijia upana wa kiganja, kulaza kitanzi kwa urefu wa kifua cha ndege. Kware akinaswa walimfunga uzi mwekundu mguuni, wakamwachia, ili wasimhesabu mara mbili. Ilikuwa kazi safi. Nduku alikuja kuiona akasema hata chuo kikuu hawafanyi hivyo.

Kila mtoto alipewa kijia chake. Nekoye alikuwa na kijia cha nne kutoka kwenye reli. Na yeye alikuwa na jambo jingine: aliweza kupiga mluzi wa kware. Aliupata kwa kusikiliza, akauweka nyuma ya meno, na ndege wa vikapuni walimjibu. Wepukhulu alimkataza, kwetu msichana hapigi mluzi. Oloo akamwambia Wepukhulu kwa upole kwamba huo si mluzi, hiyo ni lugha, na mtoto anayejua lugha ya tatu hapigwi. Wiki ya kwanza ya mwezi wa nne daftari lao lilikuwa na kware thelathini na mmoja.

Mvua ilikuwa imerudi lakini mahindi yalikuwa bado shambani. Watu husahau hilo. Njaa haiondoki siku mvua inaponyesha, inaondoka miezi minne baadaye, na ile miezi minne ndiyo mibaya kwa sababu hakuna anayekuhurumia tena. Walikuja kibandani kwangu watoto wawili wa chama, ndugu, mama yao alikuwa akifulia watu nguo huko Woodley na wiki hiyo hakuitwa. Walikuwa na kware watatu ndani ya sweta.

"Mathe, utatupea githeri?" mkubwa akaniuliza.

Niliwatazama wale ndege. Mmoja alikuwa na uzi mwekundu mguuni. Nilijua huo uzi ni wa nini, Nekoye alikuwa amenionyesha. Nikaukata, nikautupa ndani ya jiko, nikawapakulia sahani mbili zilizojaa mahindi na maharagwe. Walikula wakiwa wamesimama.

Sikuwatuma. Lakini kesho yake wakaja na watano, na keshokutwa watoto wengine wakaja na wao. Ndege wawili, sahani moja. Sikumrudisha mtu. Niliwachoma, nikawakatakata, nikawapika na kitunguu na nyanya, na wateja nikawaambia ni kuku wadogo wa kwetu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kibandani kwangu hapakuwa na mwenye shibe. Nyama ilikuwa haijaonekana tangu Krismasi. Wanaume waliotoka kubeba mizigo Industrial Area kwa miguu walimaliza mchuzi, wakafuta sufuria kwa ugali. Nilimpa na Oloo. Nilimpa kwa sababu ingekuwa ajabu nisimpe, na kwa sababu alikuwa amekonda.

Alikuwa akija na daftari. Alilifungua mezani, kando ya sahani, akanisomea hesabu ya juma kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza chai. Kumi na tisa. Juma lililofuata, kumi na moja. Mwisho wa mwezi wa nne, sita. Alisema labda ni paka. Alisema labda ni baridi. Nilikuwa nikifuta meza. Nilisema labda ni paka.

Nimeulizwa na Nekoye, sasa akiwa mtu mzima, nilihisi nini wakati ule. Sikuhisi. Ningependa kusema moyo uliniuma, maana ndivyo mtu anavyotakiwa aseme. Nilijua ninachokifanya, nilijua kitaishia wapi, na nilikitazama kama unavyotazama maji yakichemka katika jiko la jirani. Mtoto wangu mwingine alikuwa chini ya udongo Kimilili. Kware ni kware. Nilipakua.

Katikati ya mwezi wa tano daftari lilikuwa na sifuri mbili mfululizo. Hakukuwa na ndege wa kuleta, na watoto wakaacha kuja kibandani. Oloo aliendelea kuja. Juma moja kabla ya Bwana Mutie kufika, aliniambia kwamba alikuwa amempa Akeyo habari kwa barua, kwamba uwanja ukipatikana ataacha ulinzi, Nduku amemwahidi nafasi ya kudumu, na yeye Akeyo aje Nairobi baada ya miaka ishirini na mmoja. Alisema hivyo huku akitazama daftari. Ndipo nilipojua kwamba hazikuwa nyasi tu.

Nikafanya jambo la kijinga. Lisilo budi hutendwa, nilijiambia, na nikamwita Nekoye nyuma ya nyumba mchana mmoja. Nikamwambia siku ile Bwana Mutie akija, yeye asisimame na wenzake. Aingie kwenye nyasi ndefu mapema, alale chini, na ndege wa vikapuni wakiita, yeye ajibu. Ajibu hapa, atambae, ajibu pale.

"Mwalimu amesema tufanye hivyo?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema.

Alikuwa na miaka kumi na miwili na aliniamini. Akaniambia atajibu mara sita, kwa sababu hesabu ya mwisho iliyokuwa na ndege ilikuwa sita, na akizidisha itaonekana si kweli.

Siku ilifika na ukungu. Bwana Mutie alikuja kweli, saa kumi na mbili kasorobo, na zile buti zake. Nduku alikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, waliotaka vyumba walikuwepo wakijipasha mikono. Watoto wa chama walisimama mstari mmoja na madaftari. Wale ndugu wawili wa sweta walikuwa mwisho wa mstari, hawakumtazama mtu. Oloo alikuwa amevaa koti la ulinzi, kofia ameikunja mfukoni. Akausimamisha mlingoti yeye mwenyewe, vikapu vikayumba, vikatulia.

Wa vikapuni wakaanza. Mmoja, halafu wote sita. Tukasikiliza. Treni ya mizigo ikapita, tukangoja ipite. Wakaita tena. Hakuna aliyejibu. Bwana Mutie akatazama saa yake, si kwa dharau, kwa kutazama tu. Waliotaka vyumba wakaanza kunong'ona.

Ndipo kware akajibu kutoka katikati ya nyasi ndefu. Sauti fupi fupi, safi kabisa. Kikapu cha juu kikamrudishia. Akajibu tena, sasa upande wa bwawani. Nduku alishika mkono wangu. Bwana Mutie akainua kichwa, akatabasamu kama mtu aliyeambiwa kitu kizuri asichokitegemea, akatoa kalamu.

"Nimemsikia," akasema. "Huyo ndiye?"

Nilimtazama Oloo. Alikuwa amefumba macho. Alifumba kwa muda mrefu hata nikadhani anafurahi. Kware akajibu mara ya tatu.

"Hapana, bwana," Oloo akasema. "Huyo ni Nekoye."

Hakupaza sauti. Akageukia nyasi. "Nekoye, mama, toka kwa baridi. Njoo."

Akasimama. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani mpaka miguuni na alikuwa na nyasi kwenye nywele. Alimtazama Oloo, kisha akanitazama mimi, na katikati ya hayo mawili akaelewa. Hakulia. Alitembea mpaka kwenye nafasi yake katika mstari, na Oloo akavua koti lake la ulinzi akamvisha. Akampa daftari na penseli.

"Andika tarehe," akamwambia. "Andika kile umesikia, si kile umetaka."

Akaandika. Bwana Mutie alisimama kidogo, akamshika Oloo mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo si lazima mtu wa cheo alifanye. Akasema amesikitika. Nadhani alisikitika kweli. Halafu akaenda, na wale wengine wakaanza kupima kwa hatua pale pale, na watoto wakiwa bado wamesimama.

Kufika mwezi wa nane palikuwa na vyumba mia moja hivi, udongo na mabati, mpaka karibu na maji. Mimi na Wepukhulu tulichukua kimoja. Sisemi kwa kujitetea. Kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza na hakikuvuja. Sijui kama kiko juu ya kijia cha nne kutoka kwenye reli, sikupima. Nekoye aliacha chama siku ile ile, nacho chama kikaisha chenyewe. Hakunikaripia. Aliosha vyombo, alikwenda shule, alijibu alipoulizwa. Mluzi hakuupiga tena, na Wepukhulu alifurahi, akidhani ameheshimiwa.

Oloo aliondoka Kibera mwisho wa mwaka huo. Akeyo hakuja. Nilisikia yuko Kawangware, kwamba kuna shule ndogo mbele ya Riruta Satellite ambako anafundisha watoto kutunza ukingo wa kijito, kupanda matete na kuzuia taka, na usiku bado analinda. Nilisema nitaenda kumwona. Ilinichukua miaka mitatu, na ukitembea ni saa moja na nusu.

Nilikwenda Jumapili moja mwaka wa themanini na nane. Chumba chake kilikuwa safi, kitanda, jiko, kalenda ya simba ukutani aliyopewa na watoto kwa mzaha. Alikuwa amezeeka. Alinionyesha kijito kupitia dirishani, akanitajia majina ya ndege watatu waliorudi kwenye matete, akanipikia chai yeye mwenyewe. Tuliongea habari za Uyoma na za Kimilili. Aliniuliza Nekoye yuko kidato gani, nikamwambia.

Halafu nikasema, kwa kuwa hilo ndilo lililonileta. "Mwalimu, Nekoye hakujituma siku ile. Mimi nilimtuma."

"Najua," akasema.

"Na wale kware. Watoto walikuwa wananiletea mimi. Mimi ndio nilikuwa napika."

"Najua hiyo pia, Mama Nekoye."

"Nani alikuambia?"

Alikuwa akitazama kikombe chake. "Nimechuna wanyama miaka kumi na tatu. Unafikiri siwezi jua mfupa wa kware? Siku ya kwanza uliponiwekea sahani nilijua. Ukasema ni kuku, nikanyamaza."

 Nilidhani sasa atakasirika, na kusema kweli nilitamani akasirike, kwamba pengine hasira yake ingeniamsha. Niliuliza kwa nini alinyamaza, wakati neno moja lake lingewazuia wale watoto na ndege wangebaki na Akeyo angekuja.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Akainuka, akachukua birika, akaniuliza kama nitaongeza chai.